Mfereji Wenye Kufuli

Mgeni wangu kutoka Nepali alipofika kwetu Kiirua, kosa la kwanza tulilifanya sisi. Ulikuwa mkutano wa mradi wa maji, nje ya kanisa. Wanachama wamekaa kwenye mabenchi, na yeye amesimama mbele na buti zake za matope, mwanamke mfupi wa miaka thelathini na kitu, nywele amezifunga nyuma. Shirika moja lilikuwa limemtuma kwa miaka miwili atusaidie kujenga upya chanzo chetu kule msituni na kubadilisha mabomba yaliyooza. Akaona aanze na utani. Akasema kwa Kiingereza kwamba amejifunza neno moja la Kimeru, ruuji, na sasa na sisi tujifunze moja la kwao. "Pani!" akasema, akatukodolea macho tumwitikie.

Hatukuitikia. Huku kwetu pani ni lile bwawa linalochimbwa na tingatinga la kukinga maji ya mvua, na kila mwanasiasa aliyewahi kushuka garini Kiirua alituahidi pani. Mwenyekiti akasimama uso umemkunjika. "Mwarimu," akaniambia mimi, maana ndimi niliyekuwa katibu na ndimi niliyetafsiri, "ambia huyu madam sisi hatutaki pani. Pani tulichimbiwa tatu na zote ziko na nyasi. Sisi tunataka maji ya paipu, ile inatoka mlima." Watu wakapiga makofi. Mgeni naye akapiga makofi, akidhani wamelipenda neno lake. Nilichukua robo saa nzima kueleza pande zote mbili kwamba pani kwa Kinepali ni maji tu, ndiyo ruuji yetu, na hakuna aliyekuja kuchimba chochote. Walipoelewa walicheka hadi mzee mmoja akateleza kwenye benchi. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita Injinia mbele yake na Pani akishapita. Alijua, na wala hakuchukia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha shule ya Kaaga, pale Meru mjini, Kiswahili na hesabu, na nilipostaafu nikarudi kwenye shamba la baba. Sikuolewa, nalisema mapema ili mtu asikae akilisubiri. Nina mdomo pia, hilo utaambiwa na yeyote utakayemuuliza njia ya kuja kwangu. Nyumba yangu ilikuwa na chumba kilichokaa bure, shirika likaomba Injinia akae nami, nami nikakubali kabla hawajamaliza kuomba, maana upweke si kitu cha kujivunia.

Jumamosi ya kwanza aliomba jikoni. Nikamwachia. Akapika wali, dengu za kamande zilizorojeka, mboga za sukuma zilizokaangwa na pilipili nyingi kupita kiasi. Akanipakulia, akaweka sahani mbele yangu, kisha hakuketi. Akasimama kando ya meza, akauliza, "Utakula?"

Nikasema nitakula. Akauliza tena, "Utakula kweli?" Nikasema ndiyo. Alipouliza mara ya tatu nikaona huu sasa ni mchezo, na mimi mchezo na chakula siupendi. "Mbona umepika kama hutaki nile?" nikamfokea. Nikatia kijiko mdomoni. Pilipili ikanitoa machozi, nikala hivyo hivyo hadi sahani ikawa nyeupe, kwa ubishi tu. Ndipo akaketi, akala na yeye, huku akinitazama kila mara. Nikadhani ni adabu ya kwao, kama vile sisi tunavyomwambia mgeni aongeze hata akiwa ameshiba.

Niseme habari ya mfereji wangu. Uko uani, karibu na ua wa michongoma, na koki yake ilikuwa na kufuli. Ng'ambo ya ua ni Kambi, kijiji cha watu wasio na mashamba wanaochuma mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuzwa ng'ambo, na kufanya vibarua kwenye mashamba makubwa ya ngano. Hawana namba ya maji, kwa hiyo hawana maji. Kila asubuhi wanawake wa Kambi walikuja na mitungi, wakaipitisha kwenye pengo la ua. Mimi nilifungua kufuli, nikajaza mtungi mmoja baada ya mwingine kwa mkono wangu, nikawarudishia, kisha nikafunga. Nilikuwa nimewakataza kuugusa mfereji, maana ukivunjika ni nani atakayeutengeneza? Sikuwatoza chochote. Nilijihesabu mtu mwema, na kanisani niliwahi kusifiwa kwa ajili ya jambo hilo, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu mzuri sana.

Asubuhi yake ya kwanza Injinia alisimama mlangoni pa jikoni na kikombe cha chai, akatazama kazi hiyo tangu mtungi wa kwanza hadi wa mwisho. Chai yake ilipoa. Nikamwambia, "Hawa ni watu wa Kambi, hawana namba. Huwa nawasaidia."

"Naona," akasema, akaingia ndani.

Sasa namba. Katika mradi wetu kila shamba lina namba ya maji, na mwenye namba ndiye mwanachama. Ndiye anayepiga kura, na ndiye anayezungumza mkutanoni. Katiba ya mradi inasema namba ni ya mwenye shamba, na akifariki inamwendea mtoto wake wa kiume. Katiba hiyo niliiandika mimi. Niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, miaka mingi iliyopita, wazee wakinisomea na mimi nikirekebisha sarufi. Sikurekebisha kitu kingine. Wakati huo baba alikuwa hai na namba ilikuwa yake. Alipofariki ikamwendea kaka yangu, ambaye anaishi Embu, mtaa wa Dallas, na anafanya kazi ofisini. Mboga za Kiirua huziona akija Krismasi. Mimi nilinywesha shamba kwa namba yake, nikaandika kumbukumbu za mikutano ambayo sikuruhusiwa kusema neno ndani yake ila kwa kusoma nilichoandika au kutafsiri ya wengine.

Mwaka wa kwanza wa Injinia, kaka alinipigia simu. Alikuwa amepata mtu wa kununua sehemu yake ya shamba, ile ya chini, na mnunuzi aliitaka pamoja na maji. Namba ingekwenda na sehemu ya chini. Mimi ningebaki na nyumba, migomba, ng'ombe mmoja, na mfereji mkavu. Njia ilikuwa moja tu: mkutano wa mwaka ubadilishe katiba, binti naye aweze kurithi namba, na namba ya baba igawanywe mara mbili. Kaka alikuwa ameniwekea muda wa kungoja, hadi mkutano wa mwaka uliofuata, kisha basi.

Nilikuwa na hofu, na sikuizoea. Mchana nilikuwa mkali, nikigombana na kila mtu, hata na kuku.

Ni katika miezi hiyo nilipoanza kuijua Nepali. Injinia aliniomba nimfundishe Kiswahili, na mimi nikamfundisha kile cha vitabu, kwa kiburi cha mwalimu. Matokeo yake alikuwa akisema "mabomba yameoza" mbele ya watu wanaosema "paipu zimeoza," na "maji yanatoka" kwa mwenyekiti aliyemjibu "eeh, inatoka." Hapa kwetu Buuri hakuna aliyewahi kupatanisha nomino zake kama yule mtoto wa Nepali. Mazoezi yetu yalikuwa ni yeye kunisimulia habari za kwao na mimi kusahihisha, na muda si muda nikasahau kusahihisha.

Anatoka milimani, kwenye vilima vilivyopandwa mpunga kwa ngazi. Ukoo wao ni wa washona nguo. Bibi yake alishona nguo za kijiji kizima, za harusi na za mazishi, lakini hakuruhusiwa kuingia kwenye nyumba ya yeyote aliyemshonea. Vipimo vilichukuliwa uani. Watu wa ukoo huo walihesabiwa najisi tangu kuzaliwa. Walichopika hakikuliwa na wengine. Kisima walichogusa kilibidi kutakaswa. Bibi alikwenda kisimani na mtungi wake, akaketi kando, akangoja hadi mtu wa ukoo wa juu atakapoamua kumjazia, na siku nyingine alingoja hadi mchana. "Wengine walikuwa wapole," Injinia alisema. "Kulikuwa na mama mmoja aliyemjazia kila siku bila kulalamika. Bibi alimpenda sana."

"Afadhali huyo," nikasema.

Injinia akanitazama kidogo, akaendelea.

Juu ya yote hayo alikuwepo mfalme, na mfalme aliambiwa ni mungu. Bibi aliinamia picha yake kila asubuhi. Kisha vikaja vita vya msituni, Injinia akiwa msichana mdogo. Wapiganaji walishuka, wakadai chakula, na kesho yake askari wakaja kuuliza ni nani aliyewalisha. Walimu walipata taabu kutoka pande zote mbili. Hakuisifia vita ile hata mara moja. Lakini aliniambia jambo moja ambalo sijalisahau: mtu wa kwanza wa ukoo wa juu kula chakula cha bibi yake alikuwa kijana mwenye bunduki. Alikula, akasema asante, akaenda zake, na bibi alilia siku nzima, nao hawakujua kama ni kwa furaha au kwa woga.

Vita viliisha kwa mazungumzo. Mfalme akaondolewa, nchi ikawa jamhuri. Wakakaa miaka wakibishana juu ya katiba, wakalivunja bunge la katiba na kulichagua tena, hadi wakaipata. Mamlaka yakashushwa kutoka mji mkuu hadi majimbo na hadi vijijini, kama sisi tulivyoletewa kaunti. Na katika kila kata wakaweka kiti kimoja ambacho sharti akikalie mwanamke wa zile koo zilizoitwa najisi. Si kwa hisani ya mtu yeyote, ni kwa sheria. Nilimfanya arudie hilo mara mbili. Mimi mwananchi wa nchi ambayo imewaandikia wanawake theluthi ya viti kwenye katiba na kila Bunge likatafuta udhuru, niliisikia habari hiyo na wivu.

Kwenye kiti cha kata yao alichaguliwa mama yake. Hakujua kusoma. Alijifunza kuandika jina lake kwa mkaa ukutani, wiki tatu, ili asitie dole gumba. Siku ya mkutano wa kwanza chai ililetwa kwenye glasi, ila yake ikaletwa kwenye kikombe cha karatasi cha kutupa. Akainuka, akachukua glasi kwenye rafu, akamimina chai yake humo, akanywa, akaisuuza, akairudisha kwenye rafu katikati ya nyingine. Mkutano uliofuata wote waliletewa vikombe vya karatasi, hadi mwenyekiti. Hapo nilicheka nikashika ubavu. Injinia naye akacheka. Mwaka mzima kata ile ilikunywa chai ya karatasi, kisha siku moja wakachoka, glasi zikarudi, na hakuna aliyeuliza ipi ni ya nani.

Kazi ya kwanza ya yule mama ilikuwa kuomba mfereji kwa kitongoji chao. Ulipojengwa aliufungua kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watu wote. Wengine wa koo za juu walirudi nyumbani na ndoo tupu. Siku ya tatu walikuja.

Nilimpenda mwanamke yule ambaye sijawahi kumwona ila kwenye simu ya binti yake, akinipungia mkono, meno machache, shela nyekundu. Nilianza kumtaja kwa majirani kama ndugu yangu. Nilipokata tamaa juu ya namba yangu nilijiuliza yeye angefanya nini. Na ni kwa kumwazia yeye nilipoamua kwenda Embu kumkabili kaka.

Injinia aliniendesha kwa pikapu ya mradi. Kaka alitukaribisha vizuri, sebule ina vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti, mkewe akaleta chai na viazi vitamu. Ni mtu mpole, kaka yangu, sitaki mtu amfikirie vibaya. "Sister," akaniambia, "mimi sina shida na wewe. Lakini hiyo namba ni ya mzee, na kijana ya mzee ni mimi. Huyo buyer anataka shamba ikiwa na maji. Sasa mimi nifanye nini?"

Nilikuwa na maneno mengi na yote yalikuwa mabaya, nikayatafuna pamoja na kiazi. Kaka akamgeukia mgeni ili tubadilishe mazungumzo. "Na nyinyi mlifanyia mfalme wenu nini? Mlimfunga?"

"Hakufungwa," Injinia akajibu kwa Kiswahili changu. "Alipewa siku chache za kuhama. Akawaita waandishi wa habari, akaaga, akaliacha taji, akaingia garini na mkewe, akaondoka. Kasri lake sasa ni makumbusho. Mimi nimekata tiketi, nikaingia, nikakiona chumba chake cha kulala."

"Na hakukataa?"

"Bibi yangu alidhani jua halitachomoza. Asubuhi likachomoza, akaenda kukata majani ya mbuzi."

Kaka akacheka, kisha akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani. Tulipoinuka kuondoka akanisindikiza hadi kwenye pikapu. "Wakibadilisha hiyo katiba, mimi sitapinga," akasema. "Nitasaini mbele ya kila mtu. Lakini wakikataa, Sister, namba inaenda na shamba." Ilikuwa zaidi ya nilivyotarajia, na haikutosha.

Mwaka wa pili, miezi michache kabla ya mkutano wetu, kwao Nepali kukawaka moto. Vijana waliingia barabarani kwa hasira ya ufisadi na ya kufungiwa mitandao. Wakapigwa risasi, majengo ya serikali yakachomwa, serikali ikaanguka ndani ya siku mbili. Sisi tulikuwa tumeyaona yetu mwaka uliotangulia, tulijua simu isiyoshikwa ina maana gani. Injinia alikaa jikoni kwangu akimenya viazi ambavyo hakuna aliyehitaji. Siku zote alikuwa akiniambia ukweli juu ya nchi yake, kwamba waliomwondoa mfalme nao waliishia kupokezana kiti wazee wale wale, na vijana wakaenda Uarabuni kutafuta kazi. "Sasa wamechoka," akasema. "Sijui kama nifurahi."

Siku ya tatu mama yake alipatikana kwenye simu. Vioo vya ofisi ya kata vilikuwa vimevunjwa. Alikuwa amefagia, akafungua mlango, akaketi kwenye kiti chake. Binti akamuuliza kwa nini hakukaa nyumbani, serikali yenyewe haipo. Akajibu kwamba kuna mwanamke amejifungua, na mtoto anahitaji cheti. Injinia alinitafsiria hilo akilia na mimi nikalia. Nikamwambia nchi yenye mama wa namna hiyo haiwezi kupotea, na nilimaanisha kila neno.

Mkutano wa mwaka ukafika. Nje ya kanisa, mabenchi yale yale. Kaka alikuja kutoka Embu na koti lake. Watu wa Kambi nao walikuja, kama kawaida, wakasimama nyuma kwenye majani kusikiliza, maana maji yanawahusu hata kama hawahesabiwi. Injinia alisoma ripoti yake ya mwisho. Chanzo kilikuwa tayari na wiki mbili baadaye angerudi kwao. Kisha nikainua mkono.

Mwenyekiti hakunikaripia. Aliona aibu kidogo kwa niaba yangu. "Mwarimu, unajua vile katiba inasema," akasema. "Asiye na namba haongei."

"Najua," nikasema. "Niliiandika mimi."

Watu wakacheka, na kicheko kikanipa nafasi. Kaka akasimama, akasema kwamba yeye ana namba, na dakika zake za kuzungumza amempa dada yake. Sikujua kama atafanya hivyo. Nikazungumza. Niliwaambia nimeandika kumbukumbu zao tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Niliwaambia baba alichimba mtaro wa kwanza na mimi ndiye niliyembebea uji. Niliwaambia habari za yule mama wa Nepali na glasi yake, na jinsi nchi nzima iliyomwamini mfalme kuwa mungu ilivyokaa chini ikaandika upya nani aketi wapi. "Na sisi hapa," nikasema, "tunashindwa na karatasi moja ya mwandiko wangu?"

Wakapiga kura kwa mikono. Nilihesabu mwenyewe, ni kazi ya katibu. Ilipita. Binti atarithi, namba igawanywe. Kaka akasaini kwenye goti lake. Wanawake walipiga vigelegele, mwenyekiti akanipa mkono akaniambia, "Sasa wewe ni memba kamili," nami nikashindwa kusema kitu, jambo ambalo wengine walilisherehekea zaidi ya kura.

Nilikuwa bado nimeshika kalamu nilipoona mkono nyuma. Alikuwa mmoja wa wanawake wa Kambi, yule anayekuja kwangu na mitungi miwili ya manjano. Akasema, "Naomba kuuliza kitu kidogo tu."

Nikasema, "Asiye na namba haongei."

Mimi ndiye niliyesema. Mwenyekiti hakuwa hata amefungua mdomo. Nilisema kwa sauti ya darasani, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mtoto kufunga mlango, na hakuna aliyeshangaa. Mwanamke akajibu, "Sawa, Mwarimu," akashusha mkono. Nikaendelea kuandika. Kisha nikamtafuta Injinia ili anione na furaha yangu, nikamkuta anaangalia buti zake.

Yote yakanijia hapo, nikiwa nimeinama juu ya daftari. Sahani ya wali, na "utakula?" mara tatu. Bibi kando ya kisima na mtungi wake. Yule mama mpole aliyemjazia kila siku, na mimi nikasema afadhali huyo. Nilisikia joto usoni hadi masikioni. Nilipoinua kichwa mchungaji alikuwa ameshaanza sala ya kufunga.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Miaka miwili ameniona asubuhi kwa asubuhi na kufuli langu.

"Siku ile uliponigombeza juu ya chakula," akasema, "nilimpigia mama simu. Nilimwambia nimepata nyumba ambamo mtu anakula nilichopika na kulalamika kuhusu pilipili tu. Mama alifurahi sana. Sikutaka kuipoteza." Kisha akaongeza, "Na nilidhani utaona. Wewe ni mwalimu."

Nilifungua daftari la kumbukumbu, na chini ya kura yangu nikaandika kwamba mwanamke wa Kambi aliomba kuuliza swali na katibu akamnyima, na swali hilo liwe la kwanza kwenye mkutano ujao. Mwenyekiti aliposoma alisema nimeharibu ukurasa mzuri.

Asubuhi iliyofuata nilifungua lango, si pengo la ua. Kufuli nililitia mfukoni mwa sweta. Yule mwenye mitungi ya manjano alikuwa wa kwanza. Aliingia hatua mbili, akasimama, akaniwekea mtungi miguuni kama kila siku. Nikamwambia afungue mwenyewe. Nikamuuliza pia alitaka kusema nini jana.

"Nilitaka kuuliza," akasema, "kama msichana anaweza pewa namba, mtu hana shamba je?"

Nikamwambia limeandikwa. Akausogelea mfereji, akarudisha mkono. "Nifungue, Mwarimu?"

"Fungua."

"Nifungue kweli?"

Injinia alikuwa mlangoni pa jikoni na kikombe chake. Mwanamke akanitazama, akamtazama yeye, akauliza mara ya tatu, na mimi nikamjibu kwa ukali ule ule niliomjibu nao Injinia siku ya wali, maana sina sauti nyingine.

"Mbona umekuja na mtungi kama hutaki maji?"